Sebule Yetu na Picha ya Mkwe wa Ipyana

Vijana wangu wa redio, mmenikatia keki, mmenivisha shada la maua ya plastiki, mmenipa na saa ya ukutani, kana kwamba nastaafu ili nikakae nyumbani kuitazama inavyozunguka. Asanteni. Halafu mkaniomba niwaachie maneno ya hekima. Hekima sina. Ninayo hasira moja niliyoitunza vizuri kwa miaka mingi, na naona itawafaa zaidi, maana hekima mtaisahau ifikapo Jumatatu.

Hasira yenyewe ni ya Sebule Yetu. Najua hamjawahi kuusikia, na hilo linanifurahisha. Ulikuwa mtandao wa wanawake kwenye intaneti, wa mapishi, urembo, malezi na mapenzi. Ulikuja hapa Kyela kwa tarumbeta ukaondoka kwa kunyata, na kati ya kuja na kuondoka nusura umfukuzishe Tumpe wa Ipyana kwenye nyumba yake na kumtenganisha na watoto wake. Nilikuwepo tangu mwanzo hadi mwisho, maana nilikuwa mwandishi wao.

Nianze nilikoanzia mimi. Nilikuwa mpiga chapa wa chama cha ushirika, enzi ambazo mpunga na kakao ya wilaya hii vilikuwa na mnunuzi mmoja, na mnunuzi huyo halipi hadi ajisikie. Ikaja ruksa ya biashara huria. Wafanyabiashara wakaingia na mizani zao, kila mmoja akiwa mwizi kwa mtindo wake, na ushirika ukabaki na jengo, popo na mwenyekiti. Sisi wengine tukapunguzwa. Ndivyo walivyosema, tumepunguzwa, utadhani tulikuwa nywele. Nikanunua taipureta moja kuukuu iliyokuwa ikitupwa, nikapanga chumba Bondeni, nikaandika mlangoni: Hapa Tunachapa Barua, Risala na Kadi za Harusi.

Mlango wa pili alikuwa Bi Zuhura, muuza khanga. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa nguo, akaonja mchele wa Kyela, akasahau kurudi. Huyo ndiye mwalimu wangu wa uandishi, ingawa yeye mwenyewe aliandika kwa shida. Siku zangu za kwanza nilikuwa nikimrukia kila mteja, "Karibu mama, unataka nini?" Bi Zuhura akaniita pembeni.

"Sekela mwanangu, mwanamke akiingia usimuulize anataka nini. Hiyo ni kazi ya polisi. Mwekee kigoda. Akishakaa yeye, na shida yake itakaa, mtaonana."

Nimefanya kazi ya habari miaka yote hii kwa kigoda hicho. Ninyi mnaingia kwa mtu na kipaza sauti mbele kama mnamchoma sindano, halafu mnashangaa watu wa Mwaya hawaongei. Wekeni kigoda, jamani. Msifungue mdomo mpaka mtu amalize kulalamikia barabara, maana barabara huwa ya kwanza na mambo yenyewe yanafuata.

Baadaye nikapata kompyuta, ile ya kichogo kirefu, na laini ya simu ya kuingilia kwenye intaneti. Modemu ililia kama paka aliyebanwa mlangoni. Kufungua barua pepe moja ulikuwa unaweza kupika ugali, ukasonga, ukala, ukarudi, umeme ukakatika. Nikawa natuma habari kwenye magazeti ya Dar, ya mafuriko ya Aprili, bei ya mpunga, mamba wa mto Kiwira. Mhariri mmoja akanitaja kwa mtu, mtu akanitaja kwa mwingine, na siku moja nikapigiwa simu na sauti laini kama losheni.

"Mama, naitwa Lilian. Tunaanzisha sebule ya wanawake wa Tanzania nzima. Tunataka na Kyela iwemo. Samahani, Kyela ni Malawi au ni huku?"

Nikamwambia ni huku.

Dada Lilian alikuwa amesoma Ulaya akarudi na kila kitu isipokuwa subira. Tulipoitwa semina Dar, wawakilishi wa mikoa na wilaya, alitusimamisha mmoja mmoja mbele ya ubao tuseme nini tunakipenda kwenye miili yetu. Mama wa Songea, mtu mzima mwenye wajukuu, akasema anapenda magoti yake kwa sababu bado yanapanda mlima. Wasichana wa ofisini wakapiga makofi kwa huruma. Tukapewa fulana zilizoandikwa Mwanamke Jipende, saizi ya mtoto wa darasa la tano, na kamera ndogo ya kidijitali inayokula betri kama mbuzi anavyokula nguo. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo.

Mtandao wenyewe waliugawa vyumba. Jikoni kulikuwa na kuku wa kuoka kwenye oveni na majani ambayo sijayaona hadi leo. Chumba cha urembo kilitwambia tulale na vipande vya tango machoni. Tango! Hapa tango tunakula. Chumbani kwa wanandoa walishauri umwandalie mumeo chakula cha jioni kwa mwanga wa mshumaa ili penzi lirudi. Bi Zuhura nilipomsomea hilo alicheka hadi akashika kaunta. "Basi Bondeni nzima tuna penzi la kufa mtu," akasema, "maana umeme wiki hii haujawaka hata siku moja." Na kulikuwa na somo refu la namna ya kupumzika wikiendi, lililoandikwa kwa ajili ya watu ambao Jumamosi yao haina mpunga wa kupandikiza.

Lakini nisiwe mnafiki. Mtandao ulipanda, ukapanda kweli. Kampuni ya sabuni ikaleta tangazo, ya mafuta ya kupikia ikafuata, na kampuni ya simu ikaweka picha ya msichana anayecheka na simu kama ameambiwa kafaulu mtihani. Na hapa Kyela ukapendwa, kwa njia ambayo Dar hawakuijua. Nani hapa angekaa intaneti kafe asome? Manesi wawili na karani wa benki. Kwa hiyo nilikuwa nachapa kurasa, natundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba mbele ya duka langu, kila Alhamisi, siku ambayo wanawake wa vijijini wanashuka na ndizi. Walisimama na mikungu kichwani wakisoma. Asiyejua kusoma alisomewa. Wakibishana, nasikia, naandika, natuma. Hao ndio waliokuwa wasomaji wa Sebule Yetu, na hakuna mashine ya Dar iliyowahesabu.

Nilichokuwa natuma mimi kilikuwa kingine kabisa. Nilituma namna wanawake wa Matema wanavyokausha usipa, dagaa wa ziwani kwetu, msimu wa mvua, namna ya kumjua mtu anayechanganya mchele wa Kyela na takataka za kwingine, na maneno gani mkunga anamwambia mzazi wa kwanza. Dar walikuwa wanakata. Kila penye kibatari waliweka mshumaa. Nikilalamika, Lilian ananiita kwa jina la mwanangu na kuniambia, "Mama Lugano, msomaji wetu anataka kuota kidogo." Sawa, na aote. Sikujua kuwa katika ndoto hizo ipo siku wangemtia mtu ninayemfahamu.

Tumpe alikuwa ameolewa Ipyana kwa mzee mmoja wa kakao, Mzee Asajile. Mumewe, Lusajo, alikuwa machimboni Chunya na alirudi mara moja moja. Kwa hiyo Tumpe aliishi kwenye boma la baba mkwe na watoto watatu, Gwakisa na wadogo zake wawili, akilima kipande cha kakao alichokabidhiwa na mzee mwenyewe. Sasa, kwetu Wanyakyusa mwanamke haonani na baba mkwe wake. Ninyi wengine nyumbani kwenu mmeshaacha, mnakaa sofa moja na kugombea rimoti, si neno. Lakini kwa Mzee Asajile mila ilikuwa hai. Tumpe hakuwahi kusimama mbele yake, hakuwahi kumtazama usoni, jina lake hakulitamka. Akimsikia anakuja, anapinda njia au anajifunika khanga kichwani na kuugeukia mgomba. Mzee naye alikohoa kabla hajafika popote, ili mtoto wa watu apate nafasi. Wageni huita woga. Mimi nimeona woga katika maisha yangu, ule haukuwa woga.

Na shamba lilikuwa moja! Ndicho kilichonipeleka. Mzee alikwenda asubuhi, akakata matunda ya kakao na kuyapasua, akafika alipofika, akachomeka kijiti. Akiondoka anakohoa. Tumpe anaingia, anakusanya mbegu, anazivundika chini ya majani ya mgomba, na akishazigeuza anakunja ncha ya jani la juu kuelekea mlimani. Mzee akirudi kesho, akiona jani limekunjwa anajua lundo limegeuzwa, haligusi. Miaka kumi walilima hivyo, watu wawili ambao hawajaonana, na kakao yao wanunuzi waliigombania. Nikaweka kigoda, nikasikiliza pande zote mbili. Nikampiga picha mzee barazani kwake akiwa na koti lake la kanisani. Nikampiga Tumpe shambani, akicheka, kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa amejipaka utelezi wa kakao mwili mzima. Nikatuma picha mbili na habari, nikaandika kwa maneno ambayo hata kipofu angeyaona: hawa hawaonani, picha zisiwekwe pamoja, hii ndiyo habari yenyewe.

Wiki ya pili nikafungua ukurasa. Lo! Kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya. Walikuwa wamewaunganisha. Tumpe amebandikwa begani kwa mzee, anamchekea usoni, na nyuma yao wameweka sebule ya watu, ina makochi na zulia. Juu wameandika: Baba Mkwe Wangu, Rafiki Yangu Mpenzi. Na chini, maneno ambayo Tumpe hakuyasema hata akiwa na homa: "Jioni tunakaa pamoja, namtania kwa jina lake, ananicheka. Siri ya ndoa yangu ni yeye." Pembeni, chupa ya mafuta ya kupikia.

Nikapiga simu Dar papo hapo.

"Mama Lugano! Nilikuwa nataka kukupigia! Picha yako imependwa kuliko zote. Watu wa mafuta wamefurahi mno."

"Lilian, itoe. Itoe sasa hivi."

"Kwa nini tena?"

Nikamweleza. Nikamwambia huyu mwanamke atarudishwa kwao kwa picha hii, na watoto watabaki, kwa sababu mahari ilitolewa ng'ombe na watoto ni wa boma. Akanisikiliza, nikamsikia anakunywa kitu.

"Mama, lakini si ndiyo kazi yetu? Kubadilisha mila kandamizi. Huyo mzee naye aende na wakati."

"Mila umeibadilisha kwa mkasi?"

"Nitaongea na timu," akasema. Kizazi chenu hamjui uzito wa maneno hayo. Mtu wa Dar akisema ataongea na timu, ujue amekwisha kukata simu.

Mimi kwenye kamba yangu sikuitundika. Thubutu! Lakini Lusajo alikuwa na mdogo wake Mbeya, Ambakisye, kijana wa suruali za kupiga pasi, aliyekitolea macho kile kipande cha kakao tangu siku Tumpe alipokabidhiwa. Yeye ndiye aliyeiona picha kwenye intaneti kafe ya Mbeya, akaichapa kwa rangi, akapanda gari hadi Kyela, akapita nayo Ipyana nzima kabla hajafika kwa baba yake. Alimwonyesha muuza genge, akamwonyesha fundi baiskeli na wazee wa kanisa. Mtu aliyefedheheshwa na jambo huwa halitembezi hivyo. Hadi jioni wanawake mtoni walikuwa wakiulizana kama kweli Tumpe anamtania mkwe kwa jina.

Nilikwenda asubuhi yake. Tumpe alikuwa jikoni, macho yamevimba. Hakuniamkia. Nikamwambia si mimi, nikampa nakala niliyoichapa mwenyewe aone walichofanya. Akaishika, na kabla hajatazama akaniuliza mzee yuko upande gani, akauweka mkono wake hapo, akaufunika upande wote, akajitazama mwenyewe tu.

"Nilikuwa namcheka mtoto," akasema. "Mama, nilikuwa namcheka mtoto wangu."

"Najua."

"Basi waambie."

"Nitawaambia."

"Wakinirudisha kwetu Mwaya, nani atamlalisha yule mdogo? Halali bila kushika sikio langu."

Nilitoka pale nikiwa na hasira ambayo ndiyo hii ninawaachia.

Kikao kikawekwa Jumapili baada ya ibada, barazani kwa Mzee Asajile. Walikuwepo wazee wa ukoo, mzee wa kanisa, Ambakisye na suruali yake, na mimi nimeitwa kwa sababu kamera ilikuwa yangu. Tumpe alikaa ndani, nyuma ya ukuta, na mama mkwe wake mlangoni wa kumpokelea na kumrudishia maneno. Nikasalimia, "Mugonile." Wakaitikia bila kuniangalia.

Ambakisye akaanza. Alizungumza vizuri, shetani hamnyimi mtu ulimi. Heshima ya boma imekwisha, akasema. Mwanamke huyu hana haya, kaka hayupo, yeye anajichekesha na baba mbele ya dunia nzima. Arudishwe kwao, watoto wabaki, na shamba lipate mtu wa kuaminika. Mtu wa kuaminika hakumtaja jina, lakini alinyoosha shati.

Zamu yangu nikaeleza picha mbili zilivyofanywa moja. Nikaona nyuso zao. Wazee wale hawakuwahi kuona kompyuta, na mtu anayekwambia kuwa picha inaweza kusema uongo, wakati huo, alionekana ndiye mwongo. Mzee wa kanisa akaniuliza kwa upole, "Binti, yaani unataka kusema huyu amekaa hapa na wala hakukaa?" Nikasema ndiyo. Wakaguna. Mama mkwe akaleta maneno ya Tumpe kutoka ndani: anaapa hajawahi. Wakaguna tena. Nikajua tumeshindwa. Kwa mara ya kwanza nikamwona Tumpe akilini anatembea njia ya Mwaya na mzigo wake, peke yake.

Muda wote huo Mzee Asajile alikuwa ameweka mikono juu ya fimbo. Wote walikuwa wameiona picha isipokuwa yeye, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwekea mbele. Akakohoa.

"Nileteeni."

Ambakisye akairukia kama aliyeitwa harusini, akaikunjua, akampa baba yake. Mzee akatoa miwani mfukoni, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa. Akatazama.

"Hili ni koti langu," akasema. "Huyu ni mimi. Viti hivi si vyangu." Akaisogeza karibu, akaiweka mbali. "Na huyu mwanamke ni nani?"

Akamtazama mwanawe juu ya miwani.

"Ambakisye, nakuuliza. Huyu mwanamke anayenichekea ni mke wa nani?"

"Baba, unatania. Si Tumpe huyo."

"Tumpe yupi?"

"Tumpe, baba! Mke wa kaka. Tumpe wa humu ndani!"

Ndipo uso wa mzee ukabadilika. Aliipindua ile karatasi haraka juu ya goti, picha chini, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mtu anaoga. Akavua miwani. Kila mmoja pale alikuwa amemtambua Tumpe kwa kutupia jicho tu, watoto, wazee, muuza genge. Mtu mmoja katika Ipyana nzima hakumjua, naye ni yule aliyekaa naye boma moja miaka kumi.

"Mwe!" akasema mzee wa kanisa, polepole. "Kumbe hajamwona."

"Nilikuwa sijamwona," akasema Mzee Asajile. "Sasa nimemwona." Akamgeukia mwanawe. "Na wewe ndiye uliyenionyesha. Umemleta mke wa kaka yako mkononi, umepita naye kijiji kizima, umeniwekea machoni. Halafu unaniuliza nani hana haya?"

Ambakisye akanyoosha shati tena. Kutoka mlangoni mama yake akacheka, kicheko kimoja kifupi, akajiziba na khanga. Wazee wakaamua palepale: Tumpe hana kosa, na Ambakisye atoe ng'ombe wa kumtaka radhi baba yake na nyumba ya kaka yake. Alimtoa, na alinuna hadi ng'ombe alipoiva. Ile karatasi mama mkwe aliitia jikoni, chini ya chungu cha maharage.

Mimi niliiona siku hiyo kuwa nzuri. Lakini ninyi mliozaliwa na simu mkononi lazima mwelewe kuwa kuna kitu kilichukuliwa. Mzee alinisindikiza hadi kwenye migomba, akasimama. "Binti," akasema, "nilikuwa namjua vizuri mno yule mtoto. Namjua akiwa mgonjwa kwa namna anavyochota maji. Sasa nikimsikia, naona ile karatasi." Alisema kwa uchungu, nikamwambia pole.

Nikampigia Lilian kumaliza naye. Nilimweleza kikao chote, nikidhani hata jiwe litalia. Ikaja ile sauti ya losheni: "Mama Lugano, hii ni stori kubwa! Una picha ya mzee akishangaa?" Nikaweka simu chini taratibu, kwa sababu simu ilikuwa yangu. Kamera yao nikaifunga kwenye boksi na fulana yao ndani, nikairudisha kwa basi. Nilisikia baadaye walifanya Wiki ya Wakwe nzima, wasichana wa Dar wakiwakumbatia wazee wa kukodi.

Ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Kampuni ya sabuni ikahama, ya mafuta ikagundua kuwa wanaosoma hawapiki na wanaopika hawasomi, ya simu ikaanzisha mtandao wake. Wasichana wa ofisini wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakichukua viti. Sebule Yetu wakatangaza kuwa "tunapumzika kidogo ili turudi kwa kishindo". Wamepumzika vizuri. Ukiifungua leo anuani yao unakaribishwa kucheza kamari kwa lugha ambayo hata sijui ni ya wapi. Habari zangu zote zimo humo, za usipa na za mkunga, zimekwenda na maji. Lilian namwona kwenye televisheni akifundisha wanawake namna ya kufanikiwa. Haya bwana.

Bi Zuhura alifariki mikononi mwangu, na alipoondoka nikafunga duka, nikaja kwenu redioni, na mengine mnayajua. Nimalizie Ipyana.

Mzee Asajile amefariki juzijuzi, mmoja wenu alikuja nami msibani. Tumpe sasa ni mtu mzima, Lusajo alishatoka machimboni, Gwakisa ana ndevu. Ulipofika wakati wa kuaga mwili, wanawake wakaanza kunong'ona. Wengine wakasema mkwe ni mkwe hata akiwa amelala, Tumpe abaki nyuma ya nyumba. Wengine wakasema mila humalizika na pumzi. Tumpe mwenyewe alikuwa amesimama upande wa migomba, khanga kichwani, amegeuka, kama alivyosimama maisha yake yote. Mjane akatoka kwenye mkeka, kikongwe anayeshikiliwa huku na huku, akaenda akamshika mkono.

"Njoo mwanangu. Amekwisha kukohoa. Njoo umwone."

Yule mwenzenu akanyanyua simu apige picha. Nilimshika mkono kwa nguvu hadi akaguna, na simtaji jina kwa sababu ameelewa.

Tumpe akafika kwenye jeneza. Akasimama ameinama, halafu akaitoa khanga kichwani, akautazama uso wa mzee. Alitazama muda mrefu, watu wakaanza kusogea, mjane akawazuia kwa kiganja. Nilidhani atalia, na machozi yalikuja kweli, lakini kwanza alishangaa. Akamtafuta Gwakisa kwa macho pale alipokuwa amesimama na wanaume, akarudi kwenye jeneza.

"Mama," akamwambia mjane, "walikuwa wananiambia Gwakisa ni babu yake mtupu, nikadhani wananifurahisha tu. Kumbe ni huyu huyu. Nilikuwa nauosha uso huu kila asubuhi."